Wagawi Wawili wa Ndiva ya Kwemvumo

Mimi nina kanuni moja ninapoitwa kwenye mtambo: anayeniambia umerogwa, namwomba kwanza anioneshe waya wake umechomekwa wapi. Kwa hiyo Mzee Mbonea, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kwemvumo, aliponipokea pale kibanda kinachopandisha abiria kwa waya kinapotia nanga mlimani na kuanza kunisimulia habari za mizimu, nilimkatisha hajafika mbali.

"Shikamoo, baba. Mizimu tutaifikia. Tuanze na seva."

"Marahaba, mwanangu Nanzia. Hata chai hunywi?"

"Chai nitakunywa nikishindwa."

Akacheka, akanipokea begi la vifaa, tukashika njia ya kuteremkia kwenye ndiva. Mimi ni fundi wa mitandao ya maji, na nasema wazi kwamba naipenda kazi yangu. Napenda kupanda milima ya Upare kwa waya huku tambarare ikibaki chini na rangi yake ya ugoro. Napenda kufika ugomvi ukiwa wa moto na kuondoka watu wakiulizana habari za watoto. Na kazi haikosekani, kwa sababu sisi Wapare tunasemwa tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na bado sijamsikia Mpare akilikanusha hilo kwa moyo wote.

Kesi ya Kwemvumo ilikuwa ya maji. Ndiva yao ni bwawa la mawe walilojenga mababu: usiku chemchemi inalijaza, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji wa udongo kutoka shamba hadi shamba. Zamani aliyefungua alikuwa mtu. Ukaja Ukame Mkuu, watu wakakatana mapanga wakigombea milango ya maji, na tangu hapo sheria ikawa moja milima yote: mkono wa binadamu haugusi mlango wa maji. Anayeamua ni mgawi, yaani seva inayosikiliza vipima kiu vilivyochomekwa kwenye udongo wa kila shamba, inapiga hesabu, inaiamuru milango. Ndiva moja, mgawi mmoja.

"Asubuhi mlango wa kwangu unafunguka vizuri," Mzee Mbonea alieleza tukiteremka. "Mahindi yanaanza kunywa. Mara unafungwa, maji yanapelekwa kule chini kwa Navoneiwa, shamba la mwisho. Hayajafika nusu ya njia, kwake kunafungwa, kwangu kunafunguka tena. Tunamwagilia majani ya njiani. Huyu mgawi mpya ni kigeugeu, mwanangu, sijui wametuletea nini."

"Mpya wa tangu lini?"

"Tangu mavuno yaliyopita. Yule wa zamani alistaafu. Tukampa huyu anwani ya babu yake, kama desturi ilivyo, tukala na pilau."

*

Kibanda cha mgawi kilikuwa ukingoni mwa ndiva, kimefagiliwa, na mlangoni alisimama mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira vilivyojaa matope. Alinisalimu, akajitaja kuwa ndiye Navoneiwa wa shamba la mwisho, na hakuzunguka mbuyu.

"Fundi, mimi nalima tangawizi. Sasa hivi ndiyo inajaza chini ya udongo. Isipokunywa wiki hii itakuwa kamba tupu, na ikiwa kamba mimi nafunga nyumba nashuka kwa dada yangu tambarare. Shamba ni la mama yangu. Nakuambia ili ujue unachotengeneza."

"Nimekusikia, mama," nikamwambia, na nilimsikia kweli. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya seva.

Seva nyingi, kama simu yako, zinaishi kwa anwani ya kuazima. Ikiamka inaomba, inapewa yoyote iliyo wazi, kesho inapewa nyingine, na hakuna anayeumia. Mgawi hawezi kuishi hivyo. Milango ya maji ilifundishwa anwani moja tu siku ilipofungwa kwenye saruji, anwani hiyo ikachomewa ndani ya chuma chake isitoke. Amri ikija kutoka anwani hiyo, mlango unatii. Ikija kutoka kwingine, mlango unajifanya kiziwi. Ndiyo maana mgawi huandikiwa anwani ya kudumu, kwa mkono, na fundi anayekosea tarakimu moja analaza njaa kijiji kizima.

Nikadhani kwanza huyu mpya anaazima. Nikafungua mipangilio yake: haazimi, ameandikiwa ya kudumu. Basi labda tarakimu zimekosewa. Nikazisoma moja moja, Mzee Mbonea akinisomea zilizochongwa kwenye bati la mlango wa kwanza. Zilikuwa sawa. Labda ile namba inayomwambia seva majirani zake ni kina nani. Sawa. Waya umelegea? Umekaza. Kila kitu kilikuwa sawa, na hakuna jambo linaloniudhi kama kila kitu kuwa sawa wakati watu hawana maji.

Nikauzima mtandao wake, nikauwasha upya.

"Nipo," mgawi mpya akasema, sauti ya kijana mwenye haraka. "Naanza mgao."

Huko chini tukasikia chuma kikisuguana na mawe, mlango wa Mzee Mbonea ukafunguka, maji yakaingia kwenye mahindi. Mzee akapiga makofi. Mke wake alikuwa ameshaleta chai na viazi vitamu, nikajiona naweza kunywa bila aibu. Sikufika katikati ya kikombe. Mlango ukafungwa, maji yakageuka, yakaanza kushuka kuelekea kwa Navoneiwa.

"Sikutoa amri hiyo," mgawi mpya akasema. Alikuwa amekasirika, kama mashine inaweza kukasirika.

Nikaweka kikombe chini. Nikachomoa waya wake kabisa, nikaushika mkononi wote wakiuona. Mgawi alikuwa amekatwa, hana wa kusema naye. Halafu nikawasha kompyuta yangu nikaipigia hodi ile anwani yake, vile mtu anavyobisha kwenye nyumba aliyoifunga mwenyewe na ufunguo anao mfukoni.

Anwani ikaitika.

Nikabisha tena. Ikaitika tena, bila haraka.

Navoneiwa akautazama waya mkononi mwangu. Mzee Mbonea akaanza kuchunguza kucha zake.

"Mizimu," akasema taratibu.

"Mizimu haina waya, baba. Huyu anao. Kuna seva ya pili humu kijijini imevaa anwani hiyo hiyo. Milango inasikia sauti mbili zenye jina moja, inamtii aliyesema mwisho. Asubuhi huyu, baadaye yule."

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," akasema.

"Na wewe unamjua fahali wa pili."

Alisema tu kwamba chai yangu inapoa.

*

Kumtafuta hakukuwa na ufundi mkubwa. Waya zote za Kwemvumo zinakutana kwenye swichi moja, kasha lenye matundu mengi ukutani mwa kibanda. Niliiacha kompyuta iendelee kubisha hodi, nikawa nachomoa waya mmoja, nasikiliza, naurudisha, nachomoa mwingine. Ule wa ofisi ya kijiji, bado inaitika. Wa zahanati, bado. Nilipochomoa waya mmoja mwekundu uliofungwa vizuri na kamba ya mgomba, kimya.

Nikaurudisha, nikaufuata kwa miguu. Ulipita chini ya migomba, ukavuka zizi la mbuzi, ukaingia dirishani mwa nyumba ya Bibi Nambua. Bibi Nambua ni dada mkubwa wa Mzee Mbonea, na ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mgawi wa zamani tangu alipoletwa. Nilimkuta akichochea makande. Sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, mgawi mstaafu alikuwa amekaa, taa zake za kijani zikiwaka, na mbele yake wamemwekea maua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umechelewa, nilikungoja tangu juzi. Makande yanakaribia."

"Bibi, hii seva ilitakiwa izimwe irudishwe wilayani."

"Ilitakiwa," akakubali. "Kamati yote tulikaa hapa tuizime. Nani alithubutu? Mtu ametugawia maji tangu Ukame, hakuna aliyekatwa tena panga, leo tumzime kama taa ya chooni? Tukachomoa waya tu, tukasema apumzike."

"Na anwani yake mkampa mwingine."

"Mjukuu huchukua jina la babu. Huyu kaka yangu ana mjukuu Mbonea. Ukiita Mbonea uani hapa wanaitika wote wawili, tunacheka, tunaendelea kula. Kwani mtoto akipewa jina, babu anazikwa?"

Nilitaka kumwambia kwamba kwenye mtandao ndiyo, anazikwa. Wilaya nzima mafundi tumezunguka na hatujawahi kukutana na tatizo hili, kwa sababu kwingine mashine ikistaafu inatupwa. Kosa hili lilihitaji watu wenye adabu.

"Sasa nani aliurudisha waya, bibi?"

"Mimi. Mchana kweupe. Kaka yangu alipita hapo nje akaniona, akageuza shingo."

Mzee Mbonea, aliyekuwa amenifuata na sasa amesimama kizingitini, akakohoa.

"Kwa nini, bibi?"

"Muulize mwenyewe," akasema, akaelekeza mwiko kwa ile seva.

Nikavuta kiti. Nikamuuliza mgawi wa zamani alikuwa anagawaje.

"Kila msaragambo, siku ya kazi ya pamoja, Nambua aliniambia nani amekuja kusafisha ndiva," akasema. Sauti yake ilikuwa ya polepole, ya mtu ambaye hajakatizwa maneno kwa muda mrefu. "Aliyekuja kutoa matope, nilipima kiu yake kwanza. Asiyekuja, nilipima kiu yake baadaye."

"Na Navoneiwa?"

"Hajakosa hata mara moja. Huyu mpya hapewi habari za msaragambo. Anapima udongo tu."

Nikafungua hesabu za mgawi mpya kwenye kompyuta yangu, na hapo ndipo raha yangu ya siku ilipopungua. Kijana hakuwa amekosea. Mfereji wa kwenda shamba la mwisho ni wa udongo, unavuja njia nzima. Maji yakitumwa kwa Navoneiwa, karibu nusu yanamezwa na mlima kabla hajayaona. Yakibaki juu, mahindi yanaongezeka, na Kwemvumo nzima inakula zaidi. Alichofanya ni kumfuta Navoneiwa kwenye mgao ili wengine washibe, na kwa kipimo cha magunia alikuwa sahihi.

"Kwa hiyo mimi ndiye hasara," sauti ikasema nyuma yetu. Navoneiwa alikuwa amefika naye, viatu vyake ameviacha nje. Alimgeukia Bibi Nambua. "Bibi, haya maji yaliyokuwa yakigeuzwa kuja kwangu, ni wewe?"

"Ni haki yako."

"Ningeyapenda nikiwa sijui. Sasa najua. Bibi, nakushukuru, lakini maji ya kuchomekewa dirishani siyataki. Nikipewa, nipewe kila mtu akiona. Nikinyimwa, ninyimwe kila mtu akiona, nifunge nyumba yangu nishuke."

Bibi Nambua aliacha kuchochea. Niliona jicho lake limelowa, akalifuta kwa kiwiko akasingizia moshi.

*

Kazi yangu kisheria ilikuwa nyepesi: mgawi mmoja, anwani moja, huyu wa zamani azimwe. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe na nilimwonea huruma, sioni sababu ya kuficha. Mashine hii ilikuwa imefundishwa adabu na bibi mmoja jikoni, na mimi ndiye nimetumwa kuikata ulimi. Lakini kuiacha isikike kwa siri nako kulikuwa uhuni, na mwenye shamba mwenyewe ameshaukataa.

Nikatoa kidole.

"Mzee Mbonea, sheria inakataza nini hasa? Isome kama ulivyoiapia."

"Wagawi wawili kwenye ndiva moja."

"Inakataza shahidi?"

Akakuna kichwa. Mpare ukimpa swali la sheria anasahau hata njaa. "Shahidi haijamtaja," akasema.

Basi nikafanya hivi. Nikamvua mgawi wa zamani anwani ya milango, nikamwandikia nyingine ya kudumu, ya jirani kabisa, tofauti ya tarakimu ya mwisho. Milango haitamsikia tena hata apige kelele. Ila mgawi mpya atamsikia. Kisha nikamwandikia mpya sharti moja: kabla ya kufunga mgao, bisha hodi kwa anwani hii, uliza nani alifika msaragambo. Aliyefika asilale mkavu.

Nikabisha hodi kwenye ile anwani ya milango, mgawi mpya akiwa amechomolewa. Kimya, kama inavyotakiwa. Nikamchomeka, akaitika mmoja tu. Nikabisha anwani ya pili, babu akaitika. Nikajisikia vizuri mwili mzima.

"Limebaki moja," nikasema. "Sharti kama hili halianzi kazi bila mwenyekiti kulikubali kwa kinywa chake, pale ndivani, watu wakisikia. Na baba, maji hayo hayatoki mbinguni. Yatatoka kwako. Wewe ndiye wa juu."

"Kiasi gani?"

"Tuta lako la chini la mahindi halitavuna."

Akakaa kwenye kizingiti. "Nilikuita uniondolee fahali mmoja," akasema, "wewe umewapangia kazi wote wawili, halafu nyasi ni zangu."

"Ulipouona waya ukageuza shingo," dada yake akamwambia, "ulikuwa unakubali. Sema sasa kwa mdomo."

"Kugeuza shingo hakuunguzi mahindi, Nambua. Tuta lile ndilo nililotegemea kwa ada ya shule ya mjukuu wangu."

"Najua."

"Unajua, lakini siyo lako."

Hilo lilikuwa kweli. Tukala makande. Yalikuwa mazuri mno, na nilikula sahani mbili, na hakuna aliyezungumzia maji hadi chini ya sufuria kulipoonekana.

*

Kesho yake asubuhi watu walikuja ndivani wengi kuliko nilivyotarajia, wengine na vigoda vyao. Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Mzee Mbonea alivaa koti lake la kanisani na hakumsalimu mtu zaidi ya lazima. Hakuwa ameniambia ameamua nini, na mimi sikumuuliza. Jambo la tumbo la mtu hulilazimishi kwa mtambo.

Nikawasha.

"Nipo," mgawi mpya akasema kwenye kipaza sauti, kila mtu akasikia. "Nimemuuliza shahidi. Navoneiwa amefika misaragambo yote. Nikimpelekea maji, karibu nusu yatapotea ardhini, na tuta la chini la Mbonea litakosa. Hesabu yangu inapinga. Sharti linasema aliyefika asilale mkavu. Mwenyekiti, niendelee?"

Watu wote wakamgeukia. Kutoka pale ndivani mahindi yake yalionekana vizuri, yamefika kifuani, na tuta la chini ndilo lililostawi kuliko yote. Akayatazama. Mke wake naye akayatazama. Navoneiwa hakumwangalia mzee hata kidogo. Aliangalia mfereji, jembe begani, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwingine.

"Mwenyekiti," mgawi akarudia, "niendelee?"

"Nimekusikia," Mzee Mbonea akasema. "Mimi si kiziwi." Akavuta pumzi, akavua kofia, akaivaa tena. "Endelea."

Mlango mkubwa ukainuka. Maji yakatoka kwa kishindo, yakapita mbele ya mahindi yake, yakafika tuta la juu yakaingia, yakafika tuta la chini yakapita bila kugeuka. Nilimwona mzee akiyafuata kwa macho. Halafu akateremka mwenyewe kwenye njia ya mfereji akaanza kutembea kando ya maji, akiwa na koti lake la kanisani, akiondoa majani makavu kwa ncha ya fimbo yasizibe. Sisi tukamfuata. Njia nzima tuliona maji yakipungua, hapa yakinyonywa na udongo, pale yakipenya kwenye mizizi, na kila yalipopungua watu waliguna, na mzee hakusimama.

Tulipofika shamba la mwisho Navoneiwa alikuwa ameshatangulia, amefungua matuta. Maji yalifika membamba kama mkono wa mtoto. Aliyapokea kwa jembe, akayaelekeza kwenye tangawizi, tuta la kwanza, la pili, akiyabembeleza yasikimbie. Majani yalikuwa yamesinyaa na hayakuonesha dalili yoyote ya kushukuru.

Mzee Mbonea akasimama ukingoni akihema.

"Yanatosha?" akamuuliza.

Navoneiwa alitazama matuta yaliyobaki makavu, halafu akatazama nyuma, juu mlimani, tulikotoka.

"Hayatoshi," akasema. "Ila yamefika."